Mzinga Dhaifu Usitupwe

(Mazungumzo yaliyotolewa mbele ya mkutano wa wanafunzi wa zamani na wanafunzi wa sasa, Igogwe, mwishoni mwa mwezi wa Agosti)



Kwanza kabisa napenda kutoa shukrani zangu kwa Kamati ya Maandalizi kwa kunipa nafasi hii. Katika barua niliyoletewa niliombwa nizungumze juu ya faida za ufugaji wa nyuki. Nimemwomba Mwenyekiti anikubalie nibadili kichwa cha mazungumzo, naye amekubali. Faida za nyuki sote tunazijua, na methali isemayo "Fuata nyuki ule asali" hakuna asiyeifahamu. Lakini methali hiyo inatuambia sisi tutakula nini. Haituambii nyuki mwenyewe atakula nini. Leo nataka kuzungumza juu ya swali hilo la pili, kwa kuwa linahusu mizinga ya shule hii, na linahusu pia fedha ambazo mkutano huu utaombwa kuzipitisha mchana.

Naomba nieleze mapema kwamba mimi si Bwana Nyuki. Kazi yangu ni ya ofisini, ya majalada na makisio ya matumizi. Nyuki nawafuga nyumbani kwa wakati wangu, na mengi ninayoyajua nimeyajua kwa kukosea.

Jana saa kumi jioni, jua likiwa bado linawaka, nilivaa mavazi ya kinga pamoja na mwalimu wa Baiolojia na vijana wanne wa Klabu ya Mazingira, tukaenda kuifungua mizinga iliyoko nyuma ya shamba la migomba. Iko sita, yote ya viunzi vya juu. Miwili ni mitupu. Mmoja una nyuki wengi na wenye nguvu. Mitatu iliyobaki ina nyuki waliopungua sana. Vijana waliniambia kwamba wamefikiri kuikamua hiyo mitatu asali kidogo iliyobaki, wapate ya kuwatilia wageni wa leo kwenye chai, kisha waifunge. Nimewaomba wasifanye hivyo, na ninyi wageni mniwie radhi kwamba chai yenu ya leo ni ya sukari. Sababu zangu ndizo mazungumzo yangu.

Kosa langu la mwaka 1996

Mwaka 1996, likizo ya Juni, nilikuwa Kidato cha Tatu. Mjomba wangu alikuwa na mzinga wa gogo uliotundikwa kwenye mti karibu na mto. Alisafiri kwenda Mbeya kwa siku chache, nasi, yaani mimi na binamu yangu, tukaona hiyo ndiyo nafasi yetu. Tulipanda usiku na kienge cha moto, tukakata masega yote mpaka ukuta wa mwisho wa gogo. Yaliyokuwa na asali tulitia ndooni. Yaliyokuwa na majana tulitupa chini. Asali tuliipeleka sokoni Tukuyu, tukagawana fedha, na mimi nikanunua viatu vya shule.

Mjomba aliporudi hakusema kitu. Julai ikaja na ukungu wake na manyunyu yake. Mwezi wa Agosti alinichukua tukaenda pamoja kuuona mzinga. Mlangoni hapakuwa na nyuki hata mmoja. Ndani mlikuwa na utando wa nondo, na siafu walikuwa wakitoka na kuingia. Mjomba hakunigombeza. Aliniuliza tu, "Na wao wangekula nini?"

Sikuwa na jibu. Nilimaliza Kidato cha Nne nikiwa navaa viatu vile, na kila nilipovifunga kamba nililikumbuka swali lile.

Kwa nini kundi hudhoofika huku kwetu

Ndugu zangu, vitabu vingi vya nyuki vimeandikwa Ulaya na Marekani, na kila kimoja kina sura juu ya kulisaidia kundi baada ya majira ya baridi. Huko theluji huanguka, maua hakuna kwa miezi kadhaa, na nyuki hujikusanya pamoja kama mpira ndani ya mzinga, wakila akiba yao na kupeana joto. Mfugaji wa kule hukisia kwamba kundi moja linahitaji kilo 15 hadi 20 za asali ili livuke salama.

Huku hatuna theluji. Lakini msidhani kwamba nyuki wetu hawana majira magumu. Tukuyu hupata mvua ya zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, wakati Dodoma hupata kama 600 hivi. Wenzetu wa Tabora na Singida huhangaika na ukame, nyuki wao wakikosa maji. Sisi tunahangaika na mvua. Mvua zetu huanza mwezi wa Novemba, huzidi Machi na Aprili, na siku nyingi nyuki hawawezi kuruka hata kama maua yapo, au wakiruka hukuta mbochi umeoshwa na maji. Zikipungua mvua, linaingia baridi la Juni na Julai. Usiku huweza kuwa na nyuzi 10 hivi, na asubuhi ukungu haujaondoka hadi saa nne au saa tano. Wakati huohuo majana wanahitaji joto la nyuzi 34 hadi 35, usiku na mchana. Joto hilo hutoka kwenye miili ya nyuki, na miili ya nyuki hupata nguvu kutoka kwenye asali. Kwa hiyo mzinga wenye njaa ni mzinga wenye baridi.

Kuna tofauti nyingine kubwa kati ya nyuki wetu na nyuki wa Ulaya. Nyuki wa Ulaya akiishiwa katikati ya theluji hana pa kwenda, atafia mzingani. Nyuki wetu wa Afrika ni mwepesi wa kuhama. Akiona njaa, au unyevu, au siafu, au bughudha ya kufunguliwa ovyo, kundi zima huondoka na malkia wao, likakuachia sanduku. Kwa hiyo kulisaidia kundi dhaifu huku kwetu kuna masharti mawili: lipate nguvu, na wakati wa kulitia nguvu usilifukuze.

Hesabu ya wiki sita

Vijana, sasa chukueni kalamu, kwa maana hapa pana hesabu. Yai la nyuki mtenda kazi hukaa siku tatu kabla ya kuanguliwa. Tangu yai mpaka nyuki kamili kutoka ni siku 20 au 21. Akishatoka haendi mauani mara moja. Kiasi cha wiki tatu za kwanza hufanya kazi za ndani: kusafisha vyumba, kulisha majana, kujenga masega, kulinda mlango. Ndipo atoke kutafuta chakula, na baada ya wiki chache za kazi hiyo hufa.

Jumlisheni. Tangu yai kutagwa mpaka nyuki kuleta chakula ni kama wiki sita. Malkia akipunguza kutaga mwezi wa Juni kwa sababu ya njaa, upungufu wake hauonekani Juni. Unaonekana Agosti, wakati nyuki wazee wanapokufa na vijana wa kushika nafasi zao hawapo. Mtu hufungua mzinga mwezi huu akasema, "Nyuki hawa wamekuwaje ghafla?" Hakuna ghafla. Mambo yalianza miezi miwili iliyopita.

Hesabu hiyohiyo inatupa matumaini. Mvua za kwanza za Oktoba na Novemba ndizo huamsha maua ya kahawa, na kabla ya hapo parachichi zimekwisha anza kutoa maua katika mashamba mengi. Anayetaka nyuki wengi mwezi wa Oktoba lazima awe na mayai mengi sasa hivi. Msaada ukitolewa leo utafika kwa wakati. Ukitolewa Oktoba, maua yatapita wakati nyuki bado wachanga.

Mizinga mitatu, maradhi matatu

Tulipofungua mizinga jana tulikuta kwamba yote mitatu ni dhaifu, lakini udhaifu wake haufanani. Hili ndilo jambo ninalotaka kulisisitiza kuliko yote. Kabla ya kutoa msaada, jua kwanza kinachokosekana.

Mzinga wa kwanza una nyuki wa kujaza masega matano, na tuliona mayai, moja moja chini ya kila chumba, limesimama kama punje nyembamba ya mchele. Kwa hiyo malkia yupo, wala hatukuwa na haja ya kumtafuta kwa macho. Ila asali hakuna. Ugonjwa wa mzinga huu ni njaa.

Dawa yake ni kuulisha. Chukueni sukari nyeupe kilo moja na maji lita moja. Chemsheni maji, yaepueni, ndipo mkoroge sukari mpaka iyeyuke, kisha yapoe kabisa. Msitumie sukari guru, huwaharisha. Wala msitumie asali ya dukani msiyojua ilikotoka, kwa kuwa asali hubeba magonjwa ya nyuki. Tieni nusu lita kwenye kopo pana na fupi, mweke vijiti au nyasi kavu juu yake ili nyuki wasizame, mliweke ndani ya mzinga baada ya sega la mwisho. Fanyeni hivyo jioni, wala msimwage tone nje, kwa maana nyuki wa mzinga wenye nguvu wakinusa watakuja kupora. Rudieni kila baada ya siku tatu, na mara nyuki wanapoanza kuleta mbochi wenyewe, acheni.

Nawaonya juu ya mambo mawili. Kwanza, sukari hutia nguvu tu, hailei watoto. Majana hukuzwa kwa chavua, ule unga wa maua ambao nyuki hubeba miguuni. Kaeni mlangoni pa mzinga asubuhi mhesabu nyuki wangapi wanaingia na chavua. Hiyo ni njia nzuri ya kuujua mzinga bila kuufungua. Pili, sega lililojazwa kwa sukari si asali. Wekeni alama kwenye viunzi vyake na mwaachie nyuki wenyewe. Anayekamua sukari akaiuza kwa jina la asali ni mwizi, hata kama ni mwanafunzi bora wa shule.

Mzinga wa pili una malkia na una mayai machache, lakini nyuki wake wanafunika masega mawili tu, wakati viunzi mle ndani ni zaidi ya 20. Masega mengine ni makuukuu, matupu, na nondo wa nta wamekwisha anza kutandaza utando. Ugonjwa wa mzinga huu ni nyumba kubwa. Familia ndogo imepewa jumba, inashindwa kulitia joto na inashindwa kulilinda.

Wengi wetu tungependa kuongeza kitu, lakini hapa dawa ni kupunguza. Toeni masega yote ambayo hayakufunikwa na nyuki. Wekeni ubao wa kuzuia karibu na sega la mwisho, ili chumba kiwe kidogo. Zibeni mlango ubaki upenyo wa kupita nyuki wawili kwa pamoja, wapate kuulinda. Masega mliyoyatoa yayeyusheni siku hiyohiyo katika maji ya moto, mpate nta. Kumbukeni kulishika sega kwa kiunzi chake likiwa limening'inia wima, kwa sababu masega haya hayana fremu, na ukililaza litakatika pamoja na watoto.

Mzinga wa tatu ndio uliotutia mashaka. Nyuki wanafunika masega manne, yaani ni wengi kuliko wa pili, lakini wanavuma kwa sauti ya kulalamika, hawatulii, na hatukuona yai wala jana hata mmoja. Ugonjwa wa mzinga huu, kwa dhana yangu, ni kwamba hauna mama.

Nasema kwa dhana, kwa sababu huenda mle ndani mna malkia kijana ambaye bado hajaanza kutaga. Tuwapime. Chukueni sega moja lenye mayai kutoka mzinga wenye nguvu, likung'uteni nyuki wote, mkihakikisha malkia hamo, mliingize katika mzinga wa tatu. Baada ya siku nne tazameni. Ikiwa wameanza kujenga vyumba virefu vinavyoning'inia kama ganda la karanga, basi wanatuambia wenyewe kwamba malkia hawana. Aidha, mkikuta mayai mengi yametupwa katika chumba kimoja, ubavuni mwa ukuta, hao ni watenda kazi waliojifanya malkia. Mayai yao huzaa madume tu. Mzinga wa namna hiyo msiuunganishe na mwingine kabla ya kupata ushauri wa Afisa Nyuki wa Wilaya.

Mtaniuliza, kwa nini tusiwaache wamlee malkia wao wenyewe kwa mayai hayo? Katika kundi lenye nguvu ningekubali. Malkia huchukua kama siku 16 tangu yai, kisha siku kadhaa za kukomaa na kwenda kupandwa angani na madume, hali ya hewa ikiruhusu. Mwezi mmoja utapita kabla ya yai la kwanza. Ongezeni zile wiki sita. Nyuki wa mzinga wa tatu ni wazee tayari, hawatakuwako.

Kupunguza ili kuongeza

Sasa angalieni mizinga hii miwili kwa pamoja. Wa pili una mama lakini hauna watu. Wa tatu una watu lakini hauna mama. Kila mmoja peke yake utakufa kabla ya maua. Wakiunganishwa wanakuwa kundi moja zima.

Kuunganisha kuna taratibu zake. Nyuki wa mizinga miwili hujuana kwa harufu, na mkiwachanganya ghafla wataumana mpaka wafe. Tena nyuki hukumbuka mahali pa mzinga wao, siyo sanduku lenyewe. Mkiuhamisha mbali kwa mara moja, watarudi palepale pa zamani. Kwa hiyo katika zile siku za kupima, usogezeni mzinga wa tatu kidogo kidogo kila jioni, hatua moja tu, mpaka ukae ubavuni mwa wa pili. Siku ya kuunganisha, kateni kwanza vyumba vyote vya malkia walivyoanza kujenga. Jioni, nyuki wakiwa wamerudi, ondoeni ubao wa kuzuia, tundikeni mahali pake karatasi ya gazeti la zamani iliyotobolewa kwa sindano vitundu vichache, izibe upande hadi upande. Nyuma ya karatasi ndipo mhamishie masega na nyuki wa mzinga wa tatu, mkihakikisha kwamba upande ule una hewa. Watatafuna karatasi kwa siku mbili tatu, na wakati huo harufu zao zinakuwa moja. Mkikuta vumbi la gazeti mlangoni, jueni kazi imekwisha.

Mzinga wenye nguvu nao unaweza kusaidia. Baada ya wiki mbili mnaweza kuchukua kwake sega moja la majana waliozibwa vyumbani, mkawapa walioungana. Waliozibwa hawahitaji kulishwa, wanahitaji joto tu, na baada ya siku chache hutoka nyuki vijana. Lakini sega moja, siyo matatu. Kundi lipewe watoto linaoweza kuwafunika. Wakizidi hapo watakufa kwa baridi, nanyi mtakuwa mmedhoofisha mizinga miwili badala ya kuponya mmoja.

Yapo pia mambo ya kufanya kwa mizinga yote. Unyevu unaua kuliko baridi, kwa hiyo paa la bati liwe zima, na mzinga uinamishwe kidogo kuelekea mlangoni ili maji yatoke. Mlango uelekee mawio ya jua. Miguu ya meza ya mizinga isimame ndani ya makopo yenye oili chafu, siafu wasipande. Nyasi zinazogusa mzinga zifyekwe. Msiufungue mzinga dhaifu zaidi ya mara moja kwa wiki mbili, isipokuwa kwa kazi maalumu kama hizi nilizozitaja, na daima mwe na mavazi ya kinga, bomba la moshi, na mtu mzima anayejua. Nyuki wetu ni wakali. Aliyechomwa mara nyingi, au anayeanza kuvimba uso na kuhema kwa shida, apelekwe hospitalini bila kuchelewa.

Juu ya mizinga 20

Ndugu Mwenyekiti, sasa nalifikia shauri la fedha. Katika ajenda ya mchana liko pendekezo kwamba Chama kichange fedha za kuinunulia shule mizinga mipya 20. Najua limeletwa kwa nia njema, na mimi mwenyewe nimekwisha ahidi mchango wangu. Hata hivyo naomba tulifikirie upya.

Mimi ni mtumishi wa serikali, nimeandika ripoti nyingi maishani. Ni rahisi sana kuandika "mizinga 20 imetolewa". Hakuna safu katika ripoti inayouliza ni mingapi ina nyuki mwaka unaofuata. Mzinga ni sanduku. Shule hii tayari ina masanduku mawili matupu. Tukiongeza 20 tutakuwa na 22, na makundi yatakuwa yaleyale.

Napendekeza kwamba mwaka huu tutoe fedha kwa mambo machache. Kwanza, mavazi ya kinga kamili kwa vijana sita na mwalimu wao, na mabomba mawili ya moshi. Pili, sukari ya kutosha mwezi huu na mwezi ujao. Tatu, nauli na posho ya Afisa Nyuki kuja hapa mara tatu kuwaelekeza vijana. Nne, miche ya miti yenye maua ya kufaa nyuki, ipandwe ukingoni mwa shamba la shule. Nta tutakayoyeyusha itapakwa kwenye ile mizinga miwili mitupu kuwa chambo, na Oktoba makundi yanapogawanyika huenda tukapata wapangaji bila kununua. Tukiwa na makundi matatu yenye nguvu mwakani, tutaweza kuyagawa sisi wenyewe. Hapo ndipo tununue mizinga, kwa idadi ya makundi tuliyo nayo.

Faida yake haitakuwa ya asali peke yake. Majirani zetu wengi wamepanda parachichi. Ua la parachichi hufunguka mara mbili: mara ya kwanza likiwa jike, kisha likafunga, na kesho yake likafunguka tena likiwa dume. Bila mdudu wa kubeba chavua kutoka ua moja hadi lingine, maua mengi hupukutika bure. Nyuki wa shule watafanya kazi katika mashamba ya wazazi wenu. Nanyi vijana mkawaombe wazazi wasipige dawa ya wadudu wakati miti ina maua. Ikiwa hapana budi, wapige jioni nyuki wakiwa wamerudi.

Mwisho, nataka tukubaliane juu ya kanuni moja ya kuvuna, iandikwe ukutani kwenye chumba cha Klabu. Dawa zote nilizozitaja ni za kurekebisha kosa. Kinga yake ni kuacha akiba. Mimi nyumbani, kabla baridi halijaingia, huacha masega manne hadi matano ya asali katika kila mzinga, wala sikamui sega lenye majana. Mavuno yangu ni madogo kuliko ya jirani zangu wengine. Lakini mwezi wa Agosti wao hutafuta nyuki, na mimi hutafuta ndoo.

Ndugu Mwenyekiti, mjomba wangu alikwisha fariki. Kabla hajafariki nilimpelekea chupa ya asali ya mzinga wangu wa kwanza. Aliionja, akaniuliza, "Umewaachia?" Nikamjibu kwamba nimewaachia. Akafunga chupa akaiweka kabatini.

Vijana, jioni ya leo baada ya mkutano nitakuwa kwenye mizinga na ndoo ya maji ya sukari. Anayetaka kujifunza aje na mavazi ya kinga. Na mwakani katika mkutano kama huu, nitaomba mtueleze, ninyi siyo mimi, mizinga hii mitatu iliendeleaje.